Vitabu sita, mpwa wangu kasoma kimoja tu: kile nilichomficha

#1 Mjomba Kurasa (mleta uzi)

Habari zenu wadau.

Nina mpwa wangu wa kike, miaka 15. Kusoma anajua, lugha haimsumbui, na mama yake ameniachia mimi mambo yote ya vitabu kwa sababu ukoo mzima ni mimi peke yangu ninayesoma kitu kisicho na majibu nyuma.

Toka mwaka jana nimempa riwaya tano za vijana, hizi za kisasa, kimoja kimoja. Nilianza na The Hunger Games ya Suzanne Collins. Ikafuata The Hate U Give ya Angie Thomas, halafu The Fault in Our Stars ya John Green, halafu Children of Blood and Bone ya Tomi Adeyemi, nikafunga na The Book Thief ya Markus Zusak. Vyote nimevisoma mwenyewe na vyote nilivipenda. Viwili vilinitoa machozi, msiniulize vipi.

Vyote vitano vimerudi na kikaratasi cha alama kati ya ukurasa wa 20 na wa 45. Nimekagua.

Cha sita sikumpa. Ni Long Way Down ya Jason Reynolds. Nilikiweka juu ya kabati kwa sababu kinaanza na kaka wa mhusika mkuu kupigwa risasi, na dogo anachukua bastola kwenda kulipiza. Nikaona asubiri kidogo. Binti kapanda kiti, kakishusha, kakimaliza usiku mmoja, kakirudisha pale pale. Ila kakigeuza kichwa chini, ndiyo nikajua.

Swali langu: sisi watu wazima tunaopendekeza vitabu kwa vijana tunakosea wapi? Na tafadhali msiniambie simu. Hicho cha sita alikisoma simu ikiwa ubavuni.

#2 Popo wa Usiku

Simu.

#3 Binti Wino

Mjomba, jibu unalo mwenyewe, umelipandisha juu ya kabati. Chukua vile vitano, vifiche, halafu lalamika kwa sauti kwamba havifai umri wake. Uje utushukuru.

#4 Kobe Msomaji

Binti Wino sikubaliani. Kilichomvuta sio kufichwa, ni wepesi wa kitabu chenyewe. Long Way Down ina kurasa zaidi ya 300 lakini yote ni mashairi, kurasa nyingine zina maneno kumi tu. Karibu hadithi nzima inatokea ndani ya lifti inayoshuka, kama dakika moja hivi, na kila inaposimama anaingia mtu aliyekwishakufa. Unaanzaje kuweka alama hapo? Hakuna pa kusimamia.

Sasa angalia Adeyemi na Zusak. Kila kimoja kinapita kurasa 500. Umempa tofali mbili unashangaa hajazibeba.

#5 Mwl. Mstaafu

Nimesimamia maktaba ya shule kwa muda mrefu, niseme nilichokiona.

Mjomba, orodha yako imekusanya njaa, polisi, saratani, ukandamizaji na Manazi. Kila kitabu kimebeba jambo ambalo wewe ungependa alifahamu. Vijana wananusa hilo kabla hawajafungua jalada. Wanajua kabisa hiki napewa kinifurahishe, na hiki napewa kinirekebishe.

Kuna mkutubi wa Marekani anaitwa Nancy Pearl, yeye anasema msomaji huingia kitabuni kwa mlango mmoja kati ya minne: hadithi, wahusika, mahali, au lugha. Mimi nilikuwa naacha kumuuliza mtoto "unapenda vitabu vya aina gani", swali hilo hawalijui jibu lake. Nauliza: kitu gani cha mwisho kilikufanya usahau saa? Iwe filamu, iwe katuni, iwe umbea wa darasani. Akianza kusimulia matukio, huyo ni wa mlango wa hadithi. Akianza "kuna dada mmoja yaani yule dada", huyo ni wa wahusika. Pale ndipo nageuka kwenye rafu.

#6 Mjomba Kurasa

Shikamoo Mwalimu. Nimekuelewa, lakini Hunger Games somo liko wapi? Watoto 24 wanaingizwa uwanjani wauane, mshindi mmoja. Mimi nilidhani nampa burudani.

#7 Mwl. Mstaafu

Marahaba. Ulimpa mwenyewe au ulimpa na maelezo?

#8 Mjomba Kurasa

Na maelezo.

#9 Popo wa Usiku

Dakika ngapi 😂

#10 Mjomba Kurasa

Kama arobaini.

#11 Sijali Jalada

Mnazunguka mbuyu. Ukweli ni kwamba hizi riwaya za vijana hazijaandikwa kwa vijana. Ni biashara iliyoanza na riwaya ya Twilight, na utafiti ulishaonyesha asilimia 55 ya wasomaji wake ni watu wazima. Mwandishi anamwandikia mwenye hela. Mjomba ndiye mlengwa, binti anatumika kama kisingizio.

#12 Kalamu Butu

Sijali Jalada umeshika mkia ukasema ndovu. Utafiti ule ulifanywa na Bowker, Marekani, mwaka 2012, na asilimia 55 ni ya wanunuzi, sio wasomaji. Na "mtu mzima" pale ni kuanzia miaka 18, kwa hiyo mwanachuo wa miaka 19 kahesabiwa na wewe. Kundi kubwa zaidi lilikuwa la miaka 30 hadi 44, asilimia 28 ya mauzo. Kwa faida yako niongeze, maana inakusaidia: hao watu wazima walisema mara 78 kati ya 100 wanajinunulia wenyewe.

Na Twilight ni 2005. Riwaya ya The Outsiders ilitoka 1967, na jamaa alianza kuiandika akiwa na miaka 15, umri wa mpwa wa Mjomba. Kijana aliwaandikia vijana, hakuna mwenye hela hapo.

#13 Nyuki

"Jamaa"? S. E. Hinton ni mwanamke. Susan Eloise. Herufi mbili zilitumika ili wahakiki wasikidharau kitabu cha magenge ya wavulana kwa sababu kimeandikwa na msichana. Kilipotoka alikuwa na miaka 18. Naona ule ujanja wa 1967 bado unafanya kazi hadi kwenye uzi huu.

#14 Kalamu Butu

Nimelipokea kofi, nimekaa chini.

#15 Binti Wino

Mimi nina miaka 34 na ni mmoja wa hao 28 kwenye 100, sina aibu. Ila Kalamu na Sijali wamenikumbusha kitu.

Niliposoma The Fault in Our Stars nilikuwa nimeshazaa. Nililia kwa sababu ya mama wa Hazel, yule binti mhusika mkuu; mama anayejifanya jasiri. Mdogo wangu alikisoma akiwa na miaka 16, naye alilia, tukakumbatiana kabisa. Miezi baadaye ndipo tukagundua kwamba yeye yule mama hata hamkumbuki vizuri. Alilia kwa sababu ya mapenzi, na kwa sababu Hazel anasafiri kwenda Amsterdam kumtafuta mwandishi anayempenda halafu mwandishi mwenyewe anageuka kuwa mlevi mwenye roho mbaya. Hilo la mwandishi mimi niliona ni kichekesho tu. Kwake lilikuwa msiba: mtu mzima uliyemwamini kumbe hana jibu.

Kwa hiyo Mjomba, ukisema "soma, kitakugusa", unamwahidi mguso wako. Anaenda kuutafuta, haukuti, anafunga.

#16 Kobe Msomaji

Hii ya Binti Wino nimeisoma mara mbili. Bado nasema ni urefu, lakini nimeisoma mara mbili.

#17 Ngamia Mwenye Kiu

Wakuu nauliza nje kidogo. Kwa Kiswahili hivi vitabu tuviiteje? Mnasema "vya vijana", ila kijana ni nani? Mimi nina 41 na nikitakiwa kubeba kabati bado naitwa kijana.

#18 Nyuki

Kabati lile la Mjomba?

#19 Mwl. Mstaafu

Swali zuri. Wachapishaji wa Kiingereza wanakusudia kama miaka 12 hadi 18, na hata hapo hapakai mtu mmoja. Wa 12 anataka mhusika wa 14. Wa 17 akiona mhusika wa 14 anajiona ametukanwa. "Vijana barobaro" iko karibu lakini inasikika zaidi kama mvulana. "Chipukizi" kila nikiisikia naona gwaride. Mimi kwenye rafu niliandika "Sio ya watoto", basi, ikawa ndiyo rafu inayoibwa kuliko zote.

#20 Kalamu Butu

Mwalimu katugusa penyewe. Mipaka ya umri ni ya muuzaji. The Book Thief ya Mjomba, ile inayosimuliwa na Mauti, Australia ilitoka 2005 kama kitabu cha watu wazima. Kufika Marekani ikawekwa kwa vijana. Neno ni lile lile. Mark Haddon naye mwaka 2003, ile ya mbwa aliyeuawa usiku, The Curious Incident of the Dog in the Night-Time, ilitolewa kwa majalada mawili siku zile zile: moja la wakubwa, moja la watoto, ndani hakuna tofauti.

Na 2008 wachapishaji wa Uingereza walitaka kupiga chapa ya umri kwenye majalada ya watoto, mwandishi Philip Pullman na wenzake mamia wakagoma. Hoja mojawapo ilikuwa hii: mtoto wa miaka 13 anayesoma polepole, utampaje kitabu kilichoandikwa 9+ mgongoni akatembee nacho mbele ya wenzake?

#21 Mama Pacha

Hapo namba 20 umenigusa, ngoja nitoke mafichoni.

Wanangu ni pacha, wavulana. Mmoja ana disleksia, shida ya kusoma maneno. Tulichelewa kujua, tulidhani ni uvivu, na tulimwambia hivyo, Mungu atusamehe. Ndugu yake alikuwa anameza mifululizo mizima, yeye anabeba kitabu kile kile mezani ili tumwone anacho. Ukurasa hauendi.

Kilichotusaidia ni vitabu vya Barrington Stoke, wachapishaji walioanzia Edinburgh. Karatasi sio nyeupe pepe, iko kama krimu, herufi ni za kwao, mistari imeachana, na kitabu ni chembamba. Lakini hadithi ni za umri wake. Hilo ndilo kubwa. Kabla ya hapo kila kilichokuwa rahisi kusoma kilikuwa kinahusu sungura. Mtoto ana miaka 14, ana ndevu mbili tatu, unampa sungura.

Cha kwanza alikimaliza kwa siku nne. Akakaa nacho wiki nzima zaidi bila kutaka kingine. Nilitaka kumsukuma, baba yake akanizuia, akasema mwache, hajawahi kuwa na kitabu alichokimaliza.

Sisemi mpwa wa Mjomba ana shida hiyo. Nasema alama kwenye ukurasa wa 30 inaweza kuwa na sababu ambayo mtoto hatakwambia.

#22 Kobe Msomaji

Dah. Mama Pacha, asante.

#23 Nasoma Kimya

Habarini za humu. Nina miaka 17, nimekuwa nasoma uzi tangu jana. Mnatujadili kama mgonjwa aliyelala kitandani, mjue tunasikia.

Kwanza, tunasoma. Ila hatusomi mkituangalia. Mjomba amekagua ukurasa wa alama!! Mimi mama akikagua ukurasa, hicho kitabu kimekufa siku hiyo.

Pili, hivyo vitano karibu vyote vina filamu au vilishazungumzwa mpaka mwisho wake unaujua. Nani anataka kuwa wa pili kufika kwenye kitabu ambacho kila mtu ameshalia?

Tatu, nusu ya ninavyosoma sio "vya vijana". Nasoma vya kutisha vya watu wazima. Sitaki mhusika wa umri wangu mwenye matatizo yangu. Hayo ninayo bure.

Nne, aliyenielekeza Akata Witch na What Sunny Saw in the Flames kama vitabu viwili vya Nnedi Okorafor, nakutafuta. Ni kimoja, kimebadilishwa jina tu. Nilivipata vyote, nikafika sura ya pili ndipo nikajiona mjinga.

#24 Binti Wino

😂😂 Sio mimi.

#25 Ngamia Mwenye Kiu

Ni mimi, kwenye uzi wa mwezi uliopita. Samahani dogo. Niliona majalada tofauti.

#26 Nyuki

Ndiyo Sijali Jalada angekuambia usijali jalada.

#27 Dirisha Wazi

Nasoma Kimya, hapo pa tatu tupinge kidogo. Mwaka 1990 profesa Rudine Sims Bishop aliandika kuhusu vitabu kuwa vioo na madirisha: kwenye kioo unajiona, kwenye dirisha unawaona wengine. Alikuwa anasema kuna watoto ambao maisha yao yote wamepewa madirisha tu. Wewe unasema "hayo ninayo bure", vizuri, lakini kuna binti anayesoma kuhusu Sunny wa Akata Witch, mwenye ualbino, anayefanya uchawi Nigeria, na kwake sio bure hata kidogo. Ni mara ya kwanza.

Mimi kioo changu kilikuwa The Poet X ya Elizabeth Acevedo. Xiomara anaandika mashairi kwa siri kwa sababu mama yake mshika dini hatayavumilia. Nilikisoma nikiwa na miaka 22 na nikakasirika: mbona kimechelewa miaka saba?

#28 Nasoma Kimya

Sawa dada. Ila wewe ulikikuta. Ungepewa na mama yako je?

#29 Dirisha Wazi

...

Nisingekifungua.

#30 Sijali Jalada

Nimerudi. Takwimu nimekosea, nakubali ni wanunuzi. Lakini hamjanijibu. Kama anayenunua ni wa miaka 30 na kitu, mwandishi atamwandikia nani? Ndiyo maana kila mhusika wa miaka 16 anaongea kama mtu aliyemaliza digrii ya falsafa. Na kila kitabu "mimi" na wakati uliopo, "nafungua mlango, naona damu". Katniss wa Hunger Games alianza, wakafuata kijiji kizima.

#31 Kalamu Butu

Hakuanza Katniss, ila nakubali kijiji kilifuata. Nakukumbusha pia Monster ya Walter Dean Myers, 1999. Mvulana wa miaka 16 yuko kizimbani kwa mauaji, anaandika kesi yake mwenyewe kama mswada wa filamu, katikati kuna kurasa za shajara. Ndiyo iliyochukua Printz, tuzo ya Marekani ya vitabu vya vijana, ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2000. Humo hakuna mwanafalsafa. Kuna mtoto anayeogopa kulala.

#32 Mwl. Mstaafu

Monster kwenye rafu yangu haikuwahi kukaa wiki.

#33 Mswahili Halisi

Nimesoma kurasa zote mbili za uzi, Marekani, Uingereza, Australia. Hivi Siku Njema ya Ken Walibora hamkuisoma? 1996. Kongowea Mswahili anakua, anadharauliwa, anamtafuta baba asiyemjua. Kama hiyo sio riwaya ya vijana basi sijui mnaongelea nini. Na Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo je?

#34 Dirisha Wazi

Tuliisoma Siku Njema. Na maswali. "Fafanua maudhui matano". Nilimpenda Kongowea kimya kimya, kama mtu anayempenda mtuhumiwa.

#35 Mswahili Halisi

Basi umenielewa bila kutaka. Kitabu hakikukosa utamu, kilikosa kuachwa peke yake na wewe. Mpwa wa Mjomba kaachwa peke yake na kimoja tu.

#36 Binti Wino

Mfaransa mmoja, Daniel Pennac, mwaka 1992 aliorodhesha haki kumi za msomaji. Ya kwanza ni haki ya kutosoma, ya tatu haki ya kutomaliza, na ya kumi ni haki ya kunyamaza, yaani usiulizwe umekionaje. Mjomba, ulipogundua kitabu kimegeuzwa, ulimuuliza?

#37 Mjomba Kurasa

Hapa ndipo nilikuwa nakwepa. Nilimuuliza. Nilimwambia najua umekisoma, njoo tukizungumze, kisha nikaeleza kwa nini sikumpa, na kwamba bastola ile ni mfano wa urithi wa chuki.

Akasema "sawa mjomba".

Hajapanda kiti tena.

#38 Popo wa Usiku

Na maelezo haya yalikuwa dakika ngapi?

#39 Mjomba Kurasa

Popo nitakutafuta.

Taarifa nyingine ndogo. Nimefuata ushauri wa #3, The Hate U Give iko juu ya kabati tangu juzi. Leo nimekuta imelala chali. Sikumbuki kama niliilaza hivyo mwenyewe. Sijaikagua alama, naapa, ila mkono unaniwasha.

#40 Mama Pacha

Usikague.

#41 Nasoma Kimya

USIKAGUE.

#42 Kobe Msomaji

Nimeichukua Long Way Down jana kwa ajili ya huu uzi, nikaimaliza kabla chai haijapoa. Mwisho ule ndiyo nini? Dogo anatoka kwenye lifti au hatoki? Wengine wote wanatoka, wanamgeukia, halafu kitabu kinaisha? Nimegeuza ukurasa kutafuta mwingine.

#43 Nyuki

Mimi nasema anabaki. Ameshaelewa.

#44 Sijali Jalada

Anaenda. Soma tena jinsi anavyozihesabu risasi.

#45 Ngamia Mwenye Kiu

Mod naomba uifute namba 42, 43 na 44. Mimi ndiyo kwanza niko kaka anapigwa risasi.